Saa ya dhahabu inayogonga: usiiuze kwa mizani

Swali la leo limetoka kwa dada mzaliwa wa Tanga anayeishi Birmingham, Uingereza. Kwa miaka kadhaa alimhudumia mzee mmoja nyumbani kwake, na mzee alipofariki, watoto wake wakampa dada huyu saa ya mfukoni kuwa kumbukumbu. Anaandika:

"Shikamoo fundi. Saa ni ya dhahabu, nzito mkononi. Natia ufunguo kwa kuzungusha kichwa cha juu, na ubavuni kuna kijiti cha kusukuma. Ndani ya kifuniko nimeona mihuri: taji na 18, kichwa cha chui, herufi K kubwa, na herufi nyingine mbili nisizozielewa. Jana alasiri, saa tisa na dakika 38, nilisukuma kile kijiti. Ikagonga mara tatu kwa sauti nene, kisha ting-tang mbili, kisha nane kwa sauti nyembamba. Kwanza, mbona tatu na si tisa? Pili, zile za mwisho zilikuwa zinajikokota, hata ya nane sikuisikia vizuri. Nilimpelekea mnunuzi wa dhahabu, akaipima, akasema mashine haina kazi na kwamba atanilipa kwa gramu. Je, imeharibika? Nimuuzie? Nia yangu ilikuwa nimpelekee baba Tanga."

Marahaba, dada yangu, na pole kwa kufiwa na mzee wako.

Nianze na lililo la haraka. Usimuuzie. Na kile kijiti usikisukume tena, hata mara moja, hata kwa kuwaonyesha wageni, mpaka saa ifunguliwe na fundi anayezijua saa za kugonga. Sababu nitakueleza huko chini.

Saa yako haikukosea hesabu. Iligonga sawasawa kabisa, ila iligonga Kizungu. Aliyeitengeneza London aliihesabu siku kuanzia usiku wa manane, na sisi tunaihesabu kuanzia macheo, kwa hiyo saa tisa yetu akrabu fupi inakuwa imepita kwenye tatu. Tatu nene ni saa. Ting-tang mbili ni robo mbili, yaani nusu saa. Nane nyembamba ni dakika zilizopita juu ya ile nusu. Tatu na nusu na dakika nane: ndiyo tisa na dakika 38 yako. Jambo moja la kuzoea ni kwamba saa hii haijui kasorobo. Sisi tukisema saa kumi na moja kasorobo, yenyewe inagonga nne na robo tatu. Haikopi kutoka saa inayokuja, inahesabu iliyokwisha kupita tu.

Zile nane nyembamba ndizo zilizonifanya niketi vizuri nilipokuwa nasoma barua yako. Saa nyingi za kugonga za karne ya 19 husema saa na robo, basi. Nyingine huongeza nusu ya robo, nyingine hugonga kila dakika tano. Inayotaja dakika mojamoja ndiyo iliyokuwa ngumu kuliko zote kutengeneza, na ndiyo uliyo nayo. Mnunuzi aliyekwambia mashine haina kazi alikuwa ameishika kazi yenyewe mkononi.

Kwa nini mtu atie kengele ndani ya saa ya mfukoni? Kwa sababu ya giza. Kabla ya viberiti, kuwasha taa usiku kulikuwa shughuli: jiwe, chuma, utambi, kupuliza. Aliyeamka usiku akitaka kujua saa alikuwa na haja ya saa inayosema. Mwaka 1687 waliletwa mbele ya Mfalme James II wa Uingereza watu wawili waliokuwa wakigombea haki ya uvumbuzi huu, Edward Barlow na Daniel Quare. Saa ya Barlow ilikuwa na vitufe viwili, kimoja cha saa na kimoja cha robo. Ya Quare ilikuwa na kimoja tu kilichofanya yote. Mfalme na baraza lake wakampa Quare ushindi. Saa za wakati huo ziligonga kikengele kama bakuli dogo kilichojaa nyuma ya mashine, nazo zilikuwa nene kama kitunguu. Mwaka 1783 Abraham-Louis Breguet wa Paris akakiondoa kikengele, akaweka mahali pake waya wa chuma uliokunjwa kuizunguka mashine. Saa zikawa nyembamba na mlio ukawa mtamu zaidi. Mlio unaousikia wewe unatoka kwenye nyaya mbili za namna hiyo, mmoja mnene na mmoja mwembamba.

Sasa fikiri: viberiti vya kusugua vilianza kuuzwa Uingereza mwaka 1827. Saa yako, kama nitakavyokuonyesha, ni ya 1885. Kufikia hapo mwenye saa angeweza kuwasha kiberiti akatazama. Haja ya giza ilikuwa imekwisha, isipokuwa kwa wasioona, ambao saa hizi ziliwafaa kwelikweli. Ila mafundi hawakuacha. Waliendelea kuzitengeneza, na ugumu wake ukazidi, kwa kuwa hapo ndipo fundi alipoonyesha ukomo wa mkono wake. Mimi naamini saa za aina hii za miaka ya 1860 hadi 1900 ni kati ya vitu vizuri zaidi vilivyowahi kutengenezwa kwa tupa na jicho.

Twende chini ya uso wa saa, maana penye mali ni hapo. Nikiondoa akrabu na ule uso mweupe wa enameli, naona vipande vya chuma kilichosuguliwa, vimelaliana kama magamba ya samaki. Katikati yao kuna visahani vitatu ambavyo sisi mafundi tunaviita konokono, kwa umbo lao la kujizungusha. Konokono wa saa ana vidato kumi na viwili pembeni, kila kimoja kikiwa chini kidogo ya mwenzake, kama ngazi iliyopindwa ikawa duara. Wa robo ana vidato vinne. Wa dakika ndiye wa ajabu: ana mikono minne, na kila mkono umechongwa vidato kumi na vinne. Jumla hamsini na sita, kwenye kipande kidogo kuliko ukucha wako wa kidole gumba, vyote vimekatwa na kunyooshwa kwa tupa.

Ukisukuma kijiti unafanya mambo mawili kwa mkupuo mmoja. Unakaza kamani ndogo, yaani springi, ya peke yake, isiyohusiana na ile kamani kubwa inayoiendesha saa. Nguvu ya kugonga inatoka kwenye kidole chako mwenyewe, ndiyo maana kijiti ni kigumu. Wakati huohuo unaviachia vidole vitatu vya chuma vishuke, kila kimoja mpaka kimguse konokono wake. Kikitua kwenye kidato cha juu, meno machache ndiyo yatakayopita mbele ya nyundo. Kikitumbukia chini kabisa, yatapita yote. Jana yako, kidole cha saa kilitua kidato cha mapigo matatu, cha robo kikatua cha robo mbili, cha dakika cha mapigo manane. Kisha kamani ikaanza kufunguka, meno yakapita, nyundo zikapiga. Saa haikuhesabu kitu. Ilipapasa tu, kama mtu anayeshuka ngazi gizani akisikiliza mguu umefika wapi.

Kuna hila mbili humo ndani ambazo kila nikiziona nasimama kwanza. Ya kwanza ni ya mpito wa saa. Saa ikiwa karibu kugeuka, tuseme kutoka 3:59 kwenda 4:00, konokono wa saa lazima aruke mara moja, bila kutambaa, la sivyo utasikia nne na robo tatu na dakika kumi na nne wakati ni nne kamili. Kwa hiyo pana gurudumu lenye umbo la nyota ya ncha kumi na mbili linaloruka kwa mshtuko, na pana kibati chembamba cha chuma kinachochomoza sekunde ileile kuziba shimo ambalo kidole kingetumbukia kimakosa.  Ya pili ni kizuizi kinachoitwa yote-au-hakuna. Ukisukuma kijiti nusu ukaachia, saa ya zamani ingegonga nusu ya hesabu na kukudanganya. Yenye kizuizi hiki hunyamaza kimya mpaka kidole kiwe kimemgusa konokono sawasawa. Saa iseme kweli au isiseme.

Baada ya kila pigo, kama chumba kimetulia, utasikia mvumo kama wa nyuki ndani ya kesi. Hao ni magurudumu madogo yanayozuia kamani isifunguke kwa pupa. Bila hayo mapigo yote yangemwagika kwa nusu sekunde.

Na ni hao ndio wanaojikokota kwenye saa yako. Wala si uharibifu, kwa maelezo yako. Ni mafuta. Mafundi wa wakati ule walipaka mafuta mazuri kuliko yote waliyoyapata, na yaliyosifiwa sana ni yaliyotolewa kwenye taya la pomboo. Yalikuwa mepesi na hayakugandishwa upesi na baridi. Lakini miaka ikipita hata hayo hugeuka kuwa gundi ya kahawia, na aliyeipaka saa mafuta mapya juu ya yale ya zamani ameongeza gundi tu. Magurudumu ya kugonga ndiyo yanayopata nguvu ndogo kuliko yote, kwa hiyo ndiyo yanayokwama kwanza. Ukiendelea kusukuma kijiti saa ikiwa hivi, mnyororo au meno yanayobeba nguvu ya kidole chako yanaweza kukatika. Na hakuna duka lenye jino la akiba. Kila kipande kilifanyizwa kikae kwenye saa hiyo moja. Cha saa pacha yake, iliyotoka benchi lilelile wiki ileile, hakitaingia bila kupigwa tupa. Kikivunjika, fundi atakaa siku nzima, pengine mbili, akichonga kingine. Ndiyo maana nimekukataza.

Kuhusu mihuri. Taji pamoja na 18 ni dhahabu ya karati 18, yaani sehemu 18 kati ya 24, robo tatu dhahabu tupu. Kichwa cha chui ni muhuri wa London. Herufi K ni mwaka, na hapa tazama kwa kioo cha kukuzia. Kama ni K ya kawaida, kama hii ninayoandika, iko kwenye mfululizo ulioanza kwa A mwaka 1876 ukaruka J, kwa hiyo ni 1885 kuingia 1886. Kama ni K kubwa yenye mikia na mapambo ya Kigothiki, ni ya 1845. Nasema 1885 kwa kuwa unatia ufunguo kwa kichwa cha juu. Saa za 1845 karibu zote zilitiwa kwa kijifunguo cha mkononi. Zile herufi mbili usizozielewa ni za mtengeneza kesi, na watu wengi hukosea hapo wakadhani ni za fundi wa saa. Fungua pia kifuniko cha ndani. Mihuri ikilingana pande zote, kesi haijachanganywa.

Jina utakalolikuta kwenye uso au kwenye mashine, huenda likawa la duka kubwa la London, na kuna majina ya heshima kubwa: Charles Frodsham na Dent, wote wa mtaa wa Strand, au Nicole Nielsen wa Soho Square. Lakini usidhani mwenye jina ndiye aliyeshika tupa. Saa ya Kiingereza ilipita mikono mingi. Mashine ghafi ilianzia mara nyingi Prescot, mji mdogo uliokuwa wa Lancashire wakati ule, ambako familia nzima zilichonga mabamba na magurudumu majumbani. Ikasafiri hadi Clerkenwell, London. Huko mmoja alikuwa na kazi ya kutoboa vito vya yakuti ambamo mihimili huzunguka, mwingine alichoma enameli ya uso, mwingine alitengeneza akrabu, mwingine alipaka dhahabu mabamba kwa kuiyeyusha ndani ya zebaki na kuivukiza motoni. Mvuke ule uliwaharibu afya. Rangi ile ya dhahabu isiyong'aa sana, laini kama unga, unayoiona kwenye mashine za enzi hizo, imetoka kwa watu hao, nami siisugui kamwe. Nyumba za Clerkenwell zilijulikana kwa madirisha mapana ya ghorofa za juu, kwa ajili ya mwanga wa benchi.

Sehemu ya kugonga yenyewe, kwa saa nyingi zilizouzwa London, ilitoka au iliongozwa na mafundi wa bonde la Joux, Uswisi, ambako wakulima walikaa kwenye theluji miezi mingi wakichonga saa ngumu. Hili halipunguzi kitu. Ukitaka kujua kama mashine ya saa yako ni ya Kiingereza, fundi atatazama gurudumu linalosukuma ulimi wa saa: la Kiingereza lina meno yenye ncha kali kama msumeno, la Uswisi lina meno yenye kichwa kipana.

Nilisema mafundi walionyesha ukomo wa mkono wao, na nitakupa mfano mmoja wa karibu. Ule waya wa kengele umeshikwa upande mmoja tu, kwa kiguu cha chuma na skurubu. Kwingine kote unaelea hewani, na nafasi kati yake na kesi ni ndogo mno. Ukiigusa kesi, mlio unakufa. Nyundo nayo haipaswi kulala juu ya waya, inapiga na kurudi, na mwanya unaobaki hauonekani bila kioo. Kuutafuta mlio, fundi alipunguza ncha ya waya kidogo sauti ikapanda, au akaula kwa tupa karibu na kiguu sauti ikashuka. Akikosea hawezi kurudisha alichokula, anaanza na waya mpya. Kisha auweke mwenzake uendane naye, ili ting na tang zisikike kama watu wa nyumba moja. Niliwahi kuletewa saa ya aina hii iliyofunguliwa na mtu aliyeushika waya kwa vidole vitupu. Juu ya chuma palikuwa na alama ya kidole chake, kamili na mistari yake, yote kutu. Mlio haukurudi kama mwanzo.

Ndipo nifikie mnunuzi wako. Mizani yake haidanganyi. Dhahabu ina uzito na ina bei ya siku. Ila akishanunua kwa gramu, ataing'oa mashine, ataiyeyusha kesi, na mashine itatupwa droo moja na nyingine zisizo na nyumba. Mwaka 1980, bei ya dhahabu ilipopanda sana, kesi nyingi zilikwenda motoni kwa njia hii, na hadi leo mafundi tunakutana na mashine nzuri ajabu ambazo hazina kesi. Kwa kutaja tu, saa kamili ya kugonga dakika, ikiwa inafanya kazi, huuzwa kwa bei iliyo mbali sana na ile ya dhahabu yake. Kabla hujaamua lolote, nenda kwenye nyumba ya mnada yenye kitengo cha saa ukapate makadirio ya maandishi. Kwa fundi, anzia British Horological Institute, chama kilichoundwa Clerkenwell mwaka 1858. Kina orodha ya mafundi waliopimwa. Muulize fundi swali moja waziwazi: saa za kugonga dakika umefungua ngapi? Fundi mwaminifu atajibu bila kukasirika. Ukipata nafasi ya kwenda London, tembelea Jumba la Saa la chama cha Clockmakers ndani ya Science Museum, na British Museum. Utawaona ndugu wa saa yako wakiwa wazi, konokono wao nje.

Usiipeleke kwa sonara ikang'arishwe. Mistari laini iliyochorwa mgongoni kwa mashine, kama mawimbi, ikishasuguliwa haitarudi. Uso ukiwa na ufa mwembamba kama unywele, uache. Akrabu za buluu usizipake chochote. Ile si rangi. Ni chuma kilichopashwa moto polepole hadi karibu nyuzi 300, kikapita manjano, kahawia, zambarau, kikasimamishwa kilipofika buluu. Ukikisugua, buluu inaondoka yote.

Kuipeleka Tanga: mpelekee baba, wala usiogope. Dhahabu haitadhurika na hewa ya bahari. Kinachodhurika ni chuma, na kwenye saa hii chuma ndicho kila kitu. Isafishwe kwanza Uingereza. Ikifika, ikae kwenye kisanduku kinachofunga vizuri na vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu, vibadilishwe vikichoka. Isiwekwe kabatini pamoja na vidonge vya kafuri vya kufukuzia nondo, wala mfukoni mwa kanzu wakati wa jua kali. Baba akitaka kuisikia, aitie ufunguo kwanza, akisukume kijiti mpaka mwisho kwa mwendo mmoja, aachie, na asiguse akrabu hata kidogo mpaka pigo la mwisho litulie.

Siku utakayokwenda kuichukua kwa fundi, mwombe aiweke akrabu kwenye 12:59, kwetu saa saba kasoro dakika moja. Hiyo ndiyo hesabu ndefu kuliko zote. Sukuma kijiti uhesabu: kumi na mbili nene, ting-tang tatu, ambazo ni mapigo sita, na kumi na nne nyembamba. Thelathini na mbili. Sikiliza kama la thelathini na mbili linakuja kwa mwendo uleule na sauti ileile ya la kwanza, kisha usogeze akrabu dakika moja mbele, usukume tena. Inapaswa kugonga moja tu, nene, na kunyamaza.